Barua ya Kurasa Mbili

"Wewe Mama Elvis, ukiandika hiyo uongo, mkono yako itakufa ganzi," Mwikwabe alisema, amesimama katikati ya ua wa ploti ya vyumba vya kupanga, pampu ya baiskeli mkononi. "Mtu amekufa. Mtoto wake anaambiwa. Hapo hakuna kesi."

"Kesi iko," Bosibori akamjibu kutoka mlangoni pake, kalamu ameichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. "Wewe ulikuwa wapi Kemuma akinishika mkono? Alisema Nyanchama asijue mpaka aweke kalamu chini. Na alinitaja mimi kwa jina, Baba Werema. Wewe hakukutaja."

"Mgonjwa husema mengi."

"Alisema na akili zake zote. Hata aliuliza kama umerudisha ndoo yake."

Mwikwabe akainamia pampu yake, maana ndoo alikuwa hajairudisha.

Kemuma, jirani yao, alikuwa mochari tangu Jumanne. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tano, mwaka wa tisini na sita, na Jumapili angezikwa kwa kaka yake Ombati, upande wa Isebania. Binti yake wa pekee, Nyanchama, alikuwa Homa Bay kwenye chuo cha uuguzi, amebakiza wiki tatu afanye mtihani wa mwisho, ule wa kumfanya nesi au kumrudisha Migori kupanga nyanya sokoni. Asubuhi hiyo utingo wa basi alikuwa ameleta barua ya Nyanchama. Mama anaendeleaje? Mdomo wake umepoa? Mkiona vibaya niambieni nije, mtihani nitarudia mwakani.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyowasha moto pale ploti.

"Atatuchukia," Mwikwabe alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kukosa mazishi ya mama yako si kitu ya kusahau. Na atakuchukia wewe kwanza, juu mwandiko ni yako."

"Anichukie akiwa nesi," Bosibori akasema, akaingia ndani.

Watu waliomjua Bosibori wangecheka kusikia ameachiwa siri. Nyumba yake haikuwahi kukosa wageni, chai yake haikuwahi kushuka jikoni, na siri aliyopewa asubuhi kwa kawaida ilifika sokoni kabla yake. Lakini Kemuma hakujua kusoma, na kwa miaka mitatu barua zake zote za Homa Bay ziliandikwa na Bosibori. Kemuma alikaa kwenye kigoda, akasema, Bosibori akaandika, kisha akamsomea alichoandika. Hapo ndipo vita vilipoanza. "Hiyo ya harusi ya Bochaberi nimesema saa ngapi? Futa. Andika nilichosema, usiweke chumvi." Basi barua ikatoka mistari minne: tuko salama, Mungu yupo, soma, kula.

Likizo ya Aprili, Nyanchama alikuja na madaftari yake, ploti nzima ikageuka wodi. Alidunga machungwa sindano za maji mpaka watoto wakakataa kuyala. Alimfunga Mwikwabe bendeji ya kichwa, naye akazunguka nayo kutwa nzima akiambia wateja amepigwa na mke. Bosibori alimuuliza maswali kutoka daftarini, akiyatamka majina ya dawa kwa namna yake, Nyanchama akijibu huku akicheka. Na Kemuma ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kitandani. Alilala, binti akajifunza kumgeuza ubavu na kubadilisha shuka bila kumwinua. Siku za kwanza alijifanya mgonjwa. Kufika mwisho wa likizo hakuwa anajifanya tena. Utando mweupe ulikuwa umemtanda mdomo mpaka kooni, na ule ugonjwa ambao siku hizo hakuna aliyeutaja kwa jina ulikuwa umemmaliza nyama.

Bosibori akachukua karatasi. Alitaka mistari minne tu. Lakini kigoda kilikuwa kitupu, na mkono ulipoanza haukutaka kusimama. Akaandika kwamba Kemuma ameinuka. Kwamba jana alikula ugali wa wimbi na nyama, akaongezwa. Kwamba Sabato alikwenda kanisani na kile kitambaa chake cha bluu, akaimba kupita kwaya, na kwamba anagombana na Mwikwabe juu ya ndoo. Akajaza upande wa kwanza, akageuza. Kadiri alivyoandika ndivyo Kemuma alivyokaa pale karibu yake akipumua, na Bosibori hakusimama mpaka karatasi ilipoisha. Ndipo akalia.

Wakazika Jumapili. Udongo wa kwanza ulikuwa wa binti, na mwingine hangeweza kuurusha kwa niaba yake, kwa hiyo Ombati akachota kiganja kimoja, akakitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akafunika.

Mtihani ulipoisha, Ombati alikwenda Homa Bay kumngoja mpwa wake getini, maneno ameyapanga njia nzima. Nyanchama alitoka na koti lake jeupe mkononi, na kabla mjomba hajafungua mdomo akamwambia, "Twende nikamwone." Walikwenda moja kwa moja kaburini. Akarusha udongo wake wa koponi, akarudi chuoni kungoja matokeo. Migori hakukanyaga.

Miezi miwili ikapita bila hata salamu. Nyumba ya Bosibori ilijaa wageni kama kawaida, lakini katikati ya umbea mtamu alisahau alikuwa amefika wapi. Mwikwabe hakumwambia, "Nilikuambia." Alirudisha ile ndoo kimya kimya, akaiweka mlangoni kwa Kemuma, penye kufuli, na hilo lilimuuma Bosibori kuliko kama angemtukana.

Nyanchama alikuja Jumapili moja ya mwezi wa nane, na kikapu.

"Nimepita mtihani," alimwambia Mwikwabe, ambaye alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili yenye grisi. Wanawake wa ploti walitaka kupiga vigelegele, midomo ikakwama. Nyanchama akafungua kufuli la mama yake. Akafagia, akatoa godoro juani, akawasha jiko.

Bosibori, ambaye hajawahi kupitwa na mgeni, alikaa kitandani kwake akisikiliza sufuria kupitia ukutani. Jua lilikuwa limeanza kushuka aliposikia hodi.

"Mama Elvis."

"Mwanangu."

Nyanchama alisimama mlangoni, barua mkononi. "Nilijua siku ileile niliyoipata."

"Nani alikuambia?"

"Wewe." Akaifunua. "Kurasa mbili, Mama Elvis. Mama hakuwahi kukuachia hata mstari wa tano. Nilipogeuza nikakuta upande wa pili umejaa, nikajua hakuna mtu aliyekaa hapo kukukataza." Akaonyesha mstari mwingine. "Na ugali. Mtu ambaye hata maji yalikuwa yanamchoma."

Bosibori akautazama mwandiko wake.

"Nilifunga begi," Nyanchama akasema. "Kisha nikaisoma tena, pale anapogombania ndoo. Nikamsikia kabisa. Kama ningekuja, angenigombeza mimi pia. Nikalifungua begi."

"Ukafanya mtihani huku unajua."

"Siku ya mtihani wa vitendo nilipewa mama mmoja mzee, nimsafishe mdomo. Utando uleule. Nikamsafisha na pamba, jino moja baada ya jingine, polepole. Msimamizi akaandika kwamba nina mkono mwepesi. Hakujua nilikuwa namsafisha nani."

Kwa nje Mwikwabe alikuwa ameacha kujaza tairi.

"Nimekukasirikia miezi hii yote," Nyanchama alisema. "Hasira bado haijaisha."

"Kasirika tu. Sina la kukukataza."

"Ninachotaka ni kimoja. Niambie mwisho wake. Na usiweke chumvi."

Bosibori akashika mwimo wa mlango. "Aliuliza ndoo. Akasema usijue mpaka uweke kalamu chini. Akaomba maji. Nikamlowesha midomo kwa kitambaa. Basi."

"Basi?"

"Basi."

Nyanchama alimtazama usoni kitambo, kama mtu anayesoma kipimajoto. Kisha akaikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, akaitia mfukoni.

"Nimepika ugali wa wimbi," akasema. "Na nyama. Nimesonga mwingi, na kula peke yangu mle ndani siwezi. Mwite na Baba Werema anawe mikono. Njooni tule, Mama."