Koti Jekundu Kwenye Theluji

Studio ya Nafula na mumewe Osundwa iko mjini Kakamega, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kazi waliigawana tangu walipooana: Osundwa alibeba kamera kwenye harusi, mahafali na mazishi, naye Nafula alikaa kwenye kompyuta kurekebisha alichoharibu mwenzake. Na Osundwa aliharibu kwelikweli. Alikata watu miguu. Mstari wa mbingu na ardhi aliuweka katikati kabisa, kama mtu anayegawa mkate. Nafula hakuchoka kumwambia.

"Usiweke upeo katikati. Anza na kitu cha karibu, jiwe au nyasi, jicho lipate pa kukanyaga. Halafu ngoja mwanga. Usiukimbize, ungoje."

Osundwa aliitikia, akaenda, akarudi na picha zilezile.

Siku za wiki alifundisha jiografia katika shule moja upande wa Khwisero, na ualimu huo ndio uliompatia nafasi ya masomo ya mwaka mmoja huko Austria, katika mji uliozungukwa na milima, asomee theluji na mito inayotokana nayo. Alisafiri mwezi wa Septemba. Majira ya baridi yalipoingia, akaanza kupiga picha za milima na kumtumia Nafula zikiwa mbichi, amtengenezee.

Za kwanza zilimchekesha. Theluji ilikuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni, na mlima umesimamishwa katikati ya fremu kama mshukiwa mahakamani.

"Kamera inadanganywa na weupe," alimweleza kwa simu. "Ikiona kila kitu kinang'aa, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Wewe uongeze kidogo. Ule ubuluu wa kivulini niachie mimi."

"Sawa, mwalimu," Osundwa akasema.

Nafula hakuwahi kuona theluji, lakini kwa kuishughulikia alianza kuijua. Aligundua kwamba si nyeupe. Jua likiwa linachomoza huwa na wekundu wa mbali, na kivulini huwa buluu. Ukiisafisha mno inakuwa karatasi tupu, ukiiacha ilivyo inaonekana chafu. Kazi hiyo aliipenda. Akivuta kivuli huku na kupunguza mng'ao kule, alijiona kama anatembea na mumewe mahali ambapo hangeweza kufika.

Kisha siku moja ikaja picha ya namna nyingine. Mbele, pembeni, palikuwa na jiwe lililofunikwa barafu nyembamba. Kutoka kwenye jiwe hilo nyayo zilianza kupanda kwenda upande wa kulia, zikipinda taratibu kufuata mgongo wa kilima. Mbingu ilikuwa kipande chembamba tu juu. Jua lilikuwa limegusa kilele na mgongo huo tu, bonde lote bado limelala kivulini. Na pale nyayo zilipoishia alisimama mtu mdogo, mgongo kwa kamera, amevaa koti jekundu.

Nafula alitafuta pa kurekebisha, hakupaona.

Emily, mwenye saluni ya mlango wa pili, alikuwa ameingia kuomba chaja. Akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Osundwa."

"Osundwa huyu wetu? Aliyemkata bibi harusi kichwa?" Emily aliangalia tena. "Basi huko wamemfunza. Mimi nilikuwanga najua yule hawezi kufunzika."

Emily aliondoka na chaja yake, lakini neno lake lilibaki. Wamemfunza. Nafula alikuwa amemfundisha mtu huyu mpaka sauti ikakauka. Nani basi aliyefika kule na kumfumbua macho kwa muda mfupi hivyo? Alipoangalia tena aliona jambo ambalo mtu asiye wa kazi hii angelipita. Nyayo zote zilielekea kwenye lile koti. Mteremko ulielekea huko, na hata kivuli cha kilele kilinyoosha kidole kulekule. Mlima wote ulikuwa umepangwa kumzunguka mtu mmoja.

Picha zilizofuata zilimthibitishia hilo. Misonobari iliyolemewa na theluji, na koti jekundu katikati ya vigogo. Ziwa lililoganda, na koti jekundu ukingoni. Osundwa, ambaye hakuwahi kumngojea mkewe amalize hata kufunga kitambaa kichwani kabla ya kubonyeza, sasa alingoja. Ilionekana wazi. Mwanga wa namna ile haupatikani bila kusimama kwenye baridi.

Osundwa alipopiga simu, Nafula aliuliza kama anayeuliza habari za mvua.

"Huyo wa koti jekundu ni nani?"

"Ni dada mmoja, mwenzetu wa darasani. Shiro, wa kutoka Nyeri. Ninamweka mtu aonekane ili ukubwa wa mlima ujulikane."

"Lazima awe yeye?"

"Ndiye anayependa kutembea," Osundwa akajibu, kisha akauliza kama mahindi ya mama yamevunwa yote.

Tangu siku hiyo Nafula alifanya kazi kwa uchungu. Chakula hakikumwingia vizuri. Mama mkwe wake, Teresa, alipomwomba amchapishie ile picha ya jiwe aitundike sebuleni kwake, alimwambia wino umeisha. Haukuwa umeisha. Hakuweza tu kuvumilia wazo kwamba wageni wangekunywa chai Khwisero wakimtazama mwanamke yule na kusifu.

Mwezi wa Februari Osundwa alimwandikia kwamba maktaba ya mji ule itafanya maonyesho ya picha za wanafunzi wa kigeni, na yeye amechagua ile ya jiwe. Aliomba Nafula aimalizie vizuri, kwa sababu itachapishwa kubwa.

Nafula alifungua picha asubuhi, kabla wateja hawajaja. Akaikuza mpaka koti jekundu likajaa kioo. Hata likiwa kubwa hivyo, uso haukuonekana, ila mkono mmoja tu ulioshika kofia isipeperuke. Akachukua theluji ya pembeni akaibandika juu ya mguu, kisha juu ya kiuno. Koti aliliondoa polepole, na moyo wake ukawa unatulia kwa namna iliyomtisha mwenyewe. Alifuta na kivuli chake. Alipomaliza, pale mahali palikuwa na theluji safi ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga.

Akarudisha picha kwenye ukubwa wake. Nyayo zilipanda mlima, zikafika, zikaishia pasipo na kitu. Jicho lilifika pale likazurura. Mlima uliokuwa wa kutisha sasa ungeweza kuwa rundo la chumvi. Nafula alijua ameiua picha. Akaituma hivyohivyo, na neno moja: Nimeisafisha.

Osundwa alipiga simu ya video mchana huohuo. Alikuwa katika chumba chenye meza nyingi, watu wakipita nyuma yake.

"Nafula, umemtoa mtu."

"Alikuwa anasumbua jicho."

"Wewe ndiye unasema hivyo?" Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyekosea njia kwenye mtaa anaoujua. "Bila yeye nyayo zinakwenda wapi?"

Kabla Nafula hajajibu, mwanamke alisogea kwenye kioo, wa umri kama wa Nafula, nywele fupi, macho ya upole. Alisalimu kwa heshima.

"Dada Nafula, habari za huko? Mimi ni Shiro. Nimesikia habari zako sana. Huyu bwana akitufundisha kupiga picha, kila kitu ni Nafula. Nafula husema usiweke upeo katikati. Nafula husema jicho lipate pa kukanyaga. Mimi sikujua kushika kamera, sasa najua kwa sababu yako."

"Asante," Nafula akasema.

Shiro aliaga na kwenda. Wengine wangefikiri maneno yale yangemponya Nafula. Yalimchoma zaidi. Kumbe hakuna aliyemfunza Osundwa. Maneno yale yote, aliyoyasema mpaka akajiona kero katika nyumba yake, mumewe alikuwa ameyahifadhi, na ameyabeba mpaka ng'ambo kumpa mwanamke mwingine.

"Kwa hiyo ulikuwa unanisikia," alisema.

"Nilikuwa nasikia."

"Miaka yote hiyo. Mbona hukufanya?"

Osundwa alijikuna shingo. "Ukiwa karibu najua utarekebisha. Huku uko mbali, kosa linabaki langu."

"Na huyo Shiro?"

"Shiro ni rafiki."

"Osundwa, mimi sikuwa huko, lakini picha zako nimezitazama kuliko wewe. Mtu wa kuonyesha ukubwa huwekwa popote. Wewe huyu humweki popote tu. Unangoja jua lifike begani kwake."

Osundwa aliinuka, akatoka nje na simu, na Nafula akaona nyuma yake ukuta na theluji iliyosukumwa kando ya njia.

"Sijamgusa," Osundwa alisema hatimaye. "Wala sijamwambia neno. Lakini ni kweli nimekuwa nikimtafuta kwenye kamera. Nilijiambia ni rangi ya koti."

"Hukujua?"

"Nilijua kidogo. Sikutaka kujua zaidi."

Nafula alitaka kumtukana, akakosa tusi la kumfaa mtu aliyesema kweli. Alikata simu. Alifunga studio, akatembea mpaka sokoni, akanunua mboga ambazo hakuzihitaji, akarudi. Analia au halii, watu wa ngazini hawakujua. Alikuwa amevaa miwani ya jua.

Siku iliyofuata alirudi kwenye picha. Faili la kwanza alikuwa nalo bado. Hakutaka maonyesho yachukue mlima mfu wenye jina la studio yake, na pia hakutaka mumewe aseme wivu umeharibu mkono wake. Alimwacha Shiro pale aliposimama. Alipunguza wekundu wa koti kidogo tu, kwa sababu ulikuwa umezidi kweli, akatuliza mng'ao wa kilele, akaacha ubuluu ubaki bondeni. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alipoituma aliandika: Chini ya picha waandike majina mawili. La pili ni langu. Na usimpige tena huyo mtu.

Majina yaliandikwa mawili. Osundwa alimtumia picha ya ukutani kama ushahidi, na miezi iliyobaki alileta milima mitupu, mingine mizuri, mingi ya kawaida. Nafula alizitengeneza picha hizo bila kumsifu. Kila iliyokuwa nzuri aliichunguza pembeni na vivulini, kuona kama kuna aliyejificha.

Osundwa alirudi Agosti. Siku za kwanza waliishi kwa adabu kama wageni waliokutana kwa jamaa, wakipishana mlangoni na kusema pole. Teresa aliliona hilo. Alimwita Nafula jikoni kwake, akasonga ugali huku akiongea.

"Mlikosana?"

"Hapana, mama. Alitazama mtu."

Teresa alifunika sufuria. "Akaja kukuambia?"

"Nilimkamata. Halafu akasema."

"Basi si kitu cha kusahau leo," Teresa alisema, "na si kitu cha kula maisha yako yote." Akamtuma amwite Osundwa, chakula kiko tayari.

Wiki hiyo walikuwa na harusi ya kupiga picha huko Lugari, binti ya Wekesa, mkulima wa mahindi. Osundwa alikuwa akifuta lenzi mezani. Nafula alinyoosha mkono akaichukua kamera.

"Hii naenda nayo mimi."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa hapa. Zile za mahafali hazijahaririwa, na wenyewe wanakuja kuzichukua."

Osundwa alitazama kompyuta, kisha akamtazama mkewe. Hakubisha. Aliketi kwenye kiti cha Nafula, akakirekebisha kwa sababu kilikuwa kimewekwa kwa urefu wa mtu mwingine, akauliza nywila ni ipi. Nafula alimwambia, akatundika kamera shingoni, akashuka ngazi kwenda kutafuta gari la Lugari.