Saa ya Fitina

Saa kumi na nusu ya alasiri ile, mstari wa Sumeiya ulikuwa haujakatika.

Nilikuwa nimeketi mkekani, Huwaida wangu ananyonya huku akinivuta ushungi, na simu ya mradi nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Juu ya kioo chake mistari mitano ilikuwa ikitambaa, kila mmoja na rangi yake, kama ukili wa mkeka uliotoka kutiwa rangi. Minne kati yao ilikuwa na pengo karibu mahali pamoja, kwenye saa kumi kasorobo: pengo jembamba, la dakika kumi hivi, kisha mstari ukaanza tena kama kwamba hakuna kilichotokea. Wa Sumeiya, ule wa kijani, ulikuwa umenyooka. Ulikuwa umeipita alasiri kama mtu apitaye mlango wa msikiti bila kugeuza uso.

Moyo wake ulikuwa ukipiga. Namba zilikuwa za kawaida. Simu haikulia wala haikuwaka nyekundu. Lakini nilimtoa Huwaida titini naye bado ana hamu, nikamweka kiunoni, nikatoka mbio na kandambili mguu mmoja.

Miezi miwili nyuma, Nkatha alikuja Matondoni na sanduku la karatasi kifuani. Alikuwa nesi wa mradi, mzaliwa wa Meru, aliyekaa visiwani miaka saba na kupenda samaki wetu kuliko sisi wenyewe. Alituita wajawazito wote ukumbini mwa zahanati, akatoa saa moja nyeusi, akaipitisha mkono kwa mkono.

"Hii ni saa janja," alisema. "Inahesabu mapigo ya moyo usiku na mchana. Yakienda kombo, Fahima ataona kwenye simu, hata kama wewe mwenyewe bado hujajua."

Fahima ni mimi. Nilikuwa mhudumu wa afya wa wiki tatu tu, na beji yangu ilikuwa bado inanukia plastiki.

"Fahima ataona," alirudia Bi Radhiya, polepole, kama mtu aonjaye chumvi ya mchuzi. Alikuwa amemsindikiza Sumeiya, mke wa mwanawe. "Yaani moyo wa mkaza mwana wangu utakuwa ukenda kwa Fahima kupiga domo?"

Wanawake walicheka mpaka wajawazito wawili wakashika matumbo.

"Hiyo si saa janja, mwanangu," akamaliza. "Hiyo ni saa ya fitina."

Jina likaganda. Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema itaharibu hina arusini. Mwengine alisema inawaka gizani kama jicho la paka. Tima, ambaye hajapata kukosa neno, alinyosha mkono wake mtupu juu. "Mume wangu akirudi kutoka Kiunga akaniuliza nimevikwa na nani, nimwambie na serikali? Si ataniambia basi nikaolewe nayo!"

"Na udhu?" akauliza Bi Radhiya.

"Haiingii maji," alijibu Nkatha, haraka na kwa fahari. "Hata kuoga unaoga nayo."

Bi Radhiya alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, si mai kuingia kwenye saa. Ni mai kufika kwenye ngozi."

Nkatha akanigeukia. Nikasikia sauti yangu, nyembamba kuliko nilivyoitaka: "Basi mtaivua. Mtatawadha, mtasali, mtaivaa."

Ilikuwa sentensi ndogo. Sikujua nimesema nini.

Siku ile walikubali wawili tu, na mmoja alikubali kwa sababu ya rangi ya mkanda. Nilirudi nyumbani nimejikunja. Shule niliiacha darasa la saba nikaolewa, na yote niliyoyajua zaidi ya hapo niliyapata kwenye kisomo cha jioni, tumbo langu likigusana na dawati, mwalimu Fanuel akituchoresha grafu za maji kujaa na kupwa kwa sababu alisema hayo tunayajua kuliko yeye. Nkatha alinichagua kwa grafu hizo. Nami nilikuwa nimemwambia, kwa kujigamba, kwamba wanawake wetu watazivaa.

Kesho yake adhuhuri Sumeiya alikuja kwangu peke yake. Hakuketi. Alinyosha mkono.

"Nifunge."

"Na mavyaa wako, Bi Radhiya, je?"

"Nitaificha chini ya bangili." Alitazama mlangoni, kisha akanitazama mimi. "Mwaka jana nilizika bila kumsikia akilia, Fahima. Miezi minane nilimbeba. Kama kuna kitu cha kusikiliza, na kisikilize."

Nilimfunga. Tundu la mkanda nililikosa mara mbili. Wawili wengine walikuja baada yake, nadhani kwa ajili yake. Tima alikuwa mmoja wao, na maneno yake yote.

Wiki haijaisha, Nkatha akanipigia simu kutoka Mokowe, anakohoa vumbi la basi.

"Fahima, hizi saa zimeharibika. Mioyo ya Matondoni inasimama mara tano kwa siku!"

Nilicheka mpaka Huwaida akaamka. "Haisimami, Nkatha. Inasali."

Nikamweleza. Pengo la kwanza alfajiri, la pili adhuhuri, la tatu alasiri; na ukiona mapengo manne badala ya matano usishtuke, mtu amekaa na udhu wake tangu magharibi mpaka isha. Akasema kwa sauti ya chini, "Ala." Nilijiona mwanachuoni siku ile.

Furaha yangu haikufika usiku. Nilipoitazama tena mistari, niliona kile ambacho sikutaka kukiona. Mmoja wa mistari ile haukukatika alfajiri hata siku moja. Sitasema ulikuwa wa nani. Nilihisi kama nimesukuma mlango wa chumba cha mtu nikamkuta hajajifunika. Niliwaahidi kwamba saa inahesabu moyo tu, na sasa nilikuwa najua jambo ambalo ni baina ya mja na Mola wake. Bi Radhiya alikuwa amekitia kitu kile jina lake la haki, kwa kutania.

Nikafunga mdomo. Hata Nkatha sikumwambia hofu hiyo. Nilijiambia kwamba siri isiyotoka haimdhuru mtu.

Mstari wa Sumeiya ndio uliokuwa ukinituliza. Ulikuwa ukikatika mara tu baada ya adhana, kila adhana, kama mlango wa duka la mtu mwaminifu. Tangu azike hakuchelewesha sala. Kila niuonapo umekatika nilikuwa nikisema moyoni, alhamdulillahi, amesimama, ameinama, ameinuka. Mtu anayeweza kusujudu na tumbo la miezi minane ana nguvu.

Ndiyo maana nilikimbia.

Nyundo za mafundi wa vyombo vya baharini zilikuwa zikigonga ufuoni, na mtoto analia kiunoni, nami nikijiambia pengine amesahau tu, pengine amevua saa akamvisha mtu mwengine. Bi Radhiya alikuwa ameketi kizingitini, ukili mapajani, mguu mmoja umeziba mlango.

"Nimekuja kumtazama Sumeiya."

"Ulele. Muate alale. Kitwa kimemuuma tangu adhuhuri, sasa kapata usingizi." Hakuinua uso. "Kwani saa yenu imesemani?"

"Saa haijasema kitu."

"Basi wafanyani hapa, na mtoto analia hivyo?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema ni zamu yangu ya kupita, au nimeleta vidonge vya damu. Angeniambia nirudi kesho, kwa adabu, na mlango ungebaki umezibwa.

"Bi Radhiya," nikasema, "Sumeiya hajasali alasiri."

Vidole vyake vikasimama juu ya ukili.

"Wajuaje?"

"Akisali huvua saa. Akivua, mstari hukatika kwenye simu. Yeo haukukatika."

Alinitazama. Nimewahi kutazamwa kwa hasira na watu wengi, lakini ule haukuwa mtazamo wa hasira tu. Alikuwa ananipima upya, tangu siku niliyozaliwa. "Kwa hiyo mwatuhisabia na sala," alisema. "Wewe, mwana wa kwetu."

"Ndiyo, Bi. Nilijua, na sikusema. Nilaani baadaye. Lakini wewe ndiye uishiye naye. Nambie: Sumeiya alilala akapitwa na alasiri lini?"

Nikaona swali likimwingia. Uso ulibadilika kutoka ndani, kama nyumba inapowashwa taa. Ukili ukaanguka. Yeye ndiye aliyetangulia chumbani.

Sumeiya hakuwa amelala. Alikuwa amejikunja upande, uso umefura, na bangili zimezama nyamani mpaka saa haionekani. Miguu yake ilikuwa kama si yake.

"Fahima," alisema bila kunitazama, "naona nyota. Na ni mchana."

Nkatha alipopokea simu hakuningoja nimalize. "Mlete Lamu. Usimpe kitu. Mlete sasa hivi."

Maji yalikuwa yanapwa. Idris, shemeji yangu mwenye boti ya injini, alituambia tuna nusu saa kabla haijakaa matopeni, na mafundi waliacha nyundo zao wakaingia majini mpaka mapajani kutusukuma. Huwaida nilimtupia Tima, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza kitu. Bi Radhiya alikaa chini kabisa, kichwa cha Sumeiya mapajani, akatandaza buibui lake kama paa ili jua lisimpige mkaza mwana wake machoni. Tuliingia kwenye mkono wa bahari, mikoko pande zote mbili. Katikati ya safari Bi Radhiya akainua uso.

"Mambo ya mtu na Mola wake, Fahima."

"Najua, Bi."

"Wajua, na ulitazama."

"Nilitazama."

Akaushika mkono wa Sumeiya, akaanza kuzitoa bangili moja moja, kwa mate yake mwenyewe, taratibu, mpaka saa ikatokea. Akaiacha pale ilipo.

Presha ilikuwa mia na sabini kwa mia na kumi na tano. Saa ile haikuwa na uwezo wa kuipima. Madaktari wa Lamu walimpasua kabla ya isha, na mtoto akatoka mdogo kama mkate wa mofa, wa kike, mwekundu, na amekasirika. Alilia. Sumeiya alimsikia. Mengine ya siku ile nimeyasahau, hilo ninalo.

Habari zilifika Matondoni kabla yangu. Nilipowakusanya wanawake wanne waliobaki sikutafuta maneno mazuri. Niliwaonyesha simu, nikawaonyesha mapengo, nikasema, "Haya ndiyo niliyoyaona, na ilinipasa kuwaambia. Nimekosa." Mmoja aliona haya akacheka. Mmoja alilia. Tima alifungua mkanda, akaiweka saa mkekani mbele yangu kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

"Mume wangu mwenyewe hajui nikisali au nikilala, shoga," alisema. "Ujue wewe?"

Hakuivaa tena mpaka leo, wala hatujakosana. Mwengine alimfuata. Wawili walibaki.

Nkatha alikuja na fomu zake, akazisoma upya ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Hili halikuwemo."

"Kwenye fomu zenu hamna sala," nikamwambia.

Alinipa kalamu. Niliandika mwenyewe chini, kwa Kiswahili chetu na kwa mwandiko wa kisomo cha jioni, kwamba avaaye saa hii ajue kuwa akiivua itaonekana ameivua, na kwamba yuko huru kuikataa bila kuulizwa. Sasa huwasomea wote kwanza, ndipo nifungue sanduku. Wengine hukataa. Wengi, nashangaa, hunyosha mkono.

Mwaka huu mradi ulileta saa kumi zaidi, za wazee wenye presha. Huwaida alikuwa akitembea tayari, amezishika zile ambazo bado hazijapata mvaaji, anazipanga kwenye jua. Nilisikia kikohozi nikakijua. Bi Radhiya aliingia na mjukuu wake begani, yule mkate wa mofa, sasa mnene ana meno manne na mkono umezama kwenye ushungi wa bibi yake. Aliketi. Akapandisha mkono wa buibui mpaka kiwiko.

"Nifunge."

Nikachukua fomu nianze kusoma.

"Wanisomeani? Nilikuwepo kwenye boti."

Nikamfunga, nikamtafutia tundu la mkanda. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilipomaliza hakuinuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akahakikisha hakuna asikiaye ila watoto, kisha akaniinamia sikioni, pumzi yake ikinukia karafuu.

"Lakini ya alfajiri, Fahima," alinong'ona. "Ya alfajiri usitazame."

Tangu siku hiyo, mwadhini wa alfajiri akianza tu, huichukua simu nikailaza kifudifudi kando ya mtungi, nikatawadha. Jua likishatoka na alfajiri imeshapita kwenye kioo, ndipo huifunua, na Huwaida akanisaidia kuhesabu rangi. Wote wapo.