Tumbo Langu Lina Mwenyewe

Mimi Mwanarusi wa Junda nimekanda matumbo ya waja wazito miaka arobaini. Mtoto aliyelala kombo nimemgeuza kwa viganja hivi mpaka kichwa kikaelekea chini. Kwa hiyo tumbo langu mwenyewe lilipovimba, nilijipaka mafuta ya nazi nikajikanda siku mbili nzima. Nilidhani ni gesi. Ujinga wangu, nakiri.

"Tumbo la chakula limejipinda," akasema daktari wa upasuaji hospitalini, picha mkononi. "Lazima tupasue. Lakini kwa moyo wako huu, mama, huenda usiamke."

"Basi sipasuliwi."

Mwanangu Bakari alikwishashika kalamu na fomu ya idhini. "Mama, nitatia sahihi mimi."

"Tia kwenye tumbo lako! Langu lina mwenyewe."

Alilia, masikini. Nami niliogopa, wallahi niliogopa, maana tumbo lilikuwa halipitishi hata mate. Lakini nikamgeukia yule daktari. "Mimi nageuza mtoto mzima bila kisu. Nyinyi na mitambo yote hii mwashindwa na mfuko wa chakula?"

Akacheka kwa pua. Daktari Achieng, binti aliyesimama nyuma yake, hakucheka.

"Nyanya, iko njia," akasema. "Napitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, naligeuza kwa ndani. Kisha nalishikiza kwenye ukuta wa mbele, chini ya ngozi, kwa vimirija viwili, lisizunguke tena. Ni matundu madogo tu, kwa ganzi, bila kukulaza usingizi. Ila huenda nikashindwa."

"Jaribu, mwanangu. Lakini usilazimishe. Likikataa, lingoje."

Wakanipuliza dawa ya ganzi kooni, wakanilaza ubavu wa kushoto. Achieng akausukuma mpira, akauzungusha, tumbo likagoma. Akasukuma tena, kwa nguvu. Kusema siwezi, mdomo umejaa. Nikamzaba kofi la paja. Yaani, taratibu, we! Akaelewa. Akafyonza hewa, akangoja, akazungusha polepole. Nikasikia kitu kikilegea ndani, kama mtoto anapokubali kugeuka. Nilijua kabla yake.

Siku ya pili yule daktari wa upasuaji akaja, akaniminyaminya, akavitazama vile vimirija viwili.

"Una bahati," akasema. "Lakini likijipinda tena, mama, ni kisu."

"Likijipinda tena," nikamwambia, "nitakuwa hai kukukatalia."