Pipa Lililosuguliwa

Nilipoingia uani kwa Blandine, mtaani Kansanga, pipa lilikuwa linang'aa. Nikasimama palepale. Pipa nililomletea jana lilikuwa na weupe hafifu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Fundi Wangila, mbona umekauka?" Blandine aliuliza. Alikuwa ameinua ndoo ya pilipili iliyosagwa kwa siki na chumvi.

"Usimimine! Nani amelisugua?"

"Mimi," alijibu mama mkwe wake, Mama Mbambu, aliyefika wiki hiyo kutoka Butembo. Alishika waya wa kusugulia, uso umejaa furaha. "Chombo kipya hakitiwi chakula kabla ya kusuguliwa kwa mchanga. Kwetu mke akisahau, majirani wanamcheka mpaka Noeli. Na wewe fundi, huoni haya? Umemletea binti yangu pipa lenye ukungu!"

Nilipitisha ukucha ndani. Chuma kitupu.

Pipa la kwanza la Blandine lilikuwa la chuma cha stenlesi pia. Chumvi na siki zililitoboa vitundu kama vya sindano, na hoteli inayonunua pilipili yake ikairudisha yote kwa ladha ya kutu. Hili nililipaka ndani gundi yenye chembe za silika, madini kama ya kioo, ndogo kuliko vumbi, ili chumvi isifike kwenye chuma, nikaikausha kwa moto karakanani kwangu Kisenyi. Kesho hoteli ingekuja kulikagua. Wakilikataa, wangenunua pilipili kwingine.

"Mama, ule ukungu ndio uliokuwa kinga," nilisema polepole.

"Kinga gani inabanduka kwa kusuguliwa na mchanga?"

"Mchanga na waya, Mama. Haikutengenezewa hivyo."

Blandine alitua ndoo. Mkwe hapaziwi sauti. Aligeukia ukuta tu, akilia. Mama Mbambu alimtazama, akautazama waya, mdomo wazi.

"Yesu wangu. Nimemlia mtoto riziki yake."

Blandine alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akachukua simu, akapiga hotelini. "Nitawaambia wa hoteli kuwa fundi amechelewa. Utanisamehe, Wangila."

"Lete hapa," Mama Mbambu alisema, akamnyang'anya. Aliongea kwa sauti ya sokoni: "Allô! Ni mimi mama mkwe. Pipa nimelisugua mimi, likaharibika. Fundi hana kosa, mtoto hana kosa."

Alisikiliza, kisha akamrudishia Blandine simu.

"Wametupa wiki moja," alisema. "Halafu yule wa hotelini ameniuliza kama nina homa, eti mama mkwe hakiri kosa."

Tulilibeba pipa watatu hadi kwenye gari, nikalipake upya. Mama Mbambu alilishika kwa viganja, vidole amevibinua nje, asiliguse kwa kucha.