Kidevu cha Mama

Kabla sijamgusa mteja usoni, namuuliza anameza nini na anapaka nini. Wapo wanaochukia. Mmoja aliniambia amekuja kutengenezwa nyusi, si kuungama. Nikamwonyesha mlango, nikamwambia ni ule ule aliouingilia, akanywea na kutaja mafuta yake yote, hadi ya chunusi. Kazini sina upole wa kugawa. Nta haina mchezo: ukiibandika kwenye ngozi iliyolegezwa na dawa, ukivuta huondoki na nywele peke yake.

Nikishajibiwa, naosha uso na kuukausha kwa kugusagusa bila kusugua. Nanyunyiza poda kidogo ili nta ishike nywele isishike nyama, najaribu joto lake kwenye kifundo cha mkono wangu, naipaka na kubandika kitambaa juu yake, naikaza ngozi kwa vidole na kung'oa kitambaa kwa kukilaza, si kwa kukiinua. Baadaye namwekea kitambaa cha maji baridi na kumpaka alovera, nampa na onyo: leo hakuna jua, hakuna vipodozi, hakuna kujishikashika. Mtaani wananiita Fundi Uso, na jina hilo nimelitolea jasho.

Mtu mmoja tu nilikuwa simfanyii, naye ni mama yangu mzazi.

Mama aliugua mapafu, hospitali wakampa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Vilimrudishia pumzi, hilo sikatai, ila uso wake ndio ulioumia. Mashavu yalivimba yakawa duara, ngozi ikawa nyembamba kiasi kwamba ukimshika mkono vibaya anabaki na doa la zambarau. Kidevuni zikaota nywele, na sizungumzii zile mbili tatu za uzee. Zilikuwa ndevu. Mama, aliyekuwa hawezi hata kwenda kuanika nguo bila kujitazama, akakigeuza kioo chake kikatazama ukuta.

Siku zangu za mapumziko tulijifungia chumbani kwake nikazikata kwa mkasi mdogo, unywele mmoja mmoja. Zikikatwa hubaki kivuli. Alijipapasa na kusema zinachoma, nizitoe kwa nta. Nami nikamrudia yale yale, kwamba ngozi yake haibebi nta wala uzi wa kung'olea nywele, na ikichubuka haitapona upesi. Wembe hakutaka hata kuusikia, alisema hicho kilikuwa kifaa cha marehemu baba.

"Watoto wa watu unawatoa nywele mpaka wanang'aa," aliniambia siku moja, "mimi niliyekuzaa unaniacha na ndevu."

Nilicheka, ingawa maneno yalinichoma. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote, na kaka hasa.

Kaka ndiye mkubwa kwetu. Anaishi mji mwingine, ana nyumba ya vyumba vingi na mke mpole, na tangu zamani anaamini mimi siwezi kulea hata paka. Alipiga simu kusema anakuja kumwona mama, na akishaiona hali yake ndipo ataamua abaki kwangu au amchukue. Mama hakutaka kuondoka. Kwangu alikuwa na kitanda chake kando ya dirisha na majirani wa kuwateta, na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kurudi nyumbani kwake jioni. Lakini hofu yake kubwa haikuwa kuhama. Aliogopa mwanawe wa kiume amkute na kidevu cha mwanamume.

Siku moja kabla ya kaka kufika, nikiwa saluni, mama alivuta begi la akiba ya vifaa vyangu vya kazi kutoka chini ya kitanda, akatoa nta na vitambaa. Nta akaipasha jikoni, kopo ndani ya sufuria ya maji. Aliosha uso, akajipaka poda, akajaribu joto mkononi. Hatua zote alizijua, maana jioni nilikuwa nikimhadithia kazi yangu na yeye husikiliza kila kitu. Aliruka swali langu la kwanza tu, la dawa anayomeza, na jibu lake alikuwa nalo.

Nilimkuta ameketi jikoni, taulo kidevuni. Nililiondoa, nikakaa sakafuni. Ngozi ilikuwa imetoka kipande kizima, kuanzia chini ya mdomo hadi kwenye taya, pabichi, panatoa majimaji. Nilimpeleka zahanati wakamsafisha na kumfunga bandeji. Sikumgombeza. Njia nzima alining'ang'ania mkono akiomba jambo moja tu, kaka asijue kwa nini.

Kaka alifika asubuhi, mfuko wa matunda mkononi, na macho yake yakatua kwenye bandeji kabla hata ya salamu. Akauliza kumetokea nini. Nilidhani mama atasema ameungua na chai, au ameteleza bafuni, uongo wowote wa kawaida.

"Mdogo wako alikuwa ananijaribishia dawa zake za saluni," mama akasema.

Najua hakupanga kusema hivyo. Alitafuta uongo usiokaribia nywele, na wa karibu yake nilikuwa mimi.

Kaka hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Aliniuliza kama ni kweli. Ningeweza kumwambia, lilikuwa neno moja tu, lakini mama alikuwa ameinamisha macho, kiganja kimefunika kidevu. Nikasema ndiyo, ni kweli. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Kabla ya chakula cha mchana nguo za mama zilikuwa zimeshafungwa. Mlangoni mama alinikumbatia kwa muda mrefu, akaingia kwenye gari la kaka.

Wiki kadhaa zikapita, kisha wifi akanipigia simu. Kidonda kimefunga, alisema, lakini mama anashinda chumbani amejitanda mtandio hadi puani, hali chakula pamoja nao, wala hataki kuogeshwa. Na wifi mwenyewe alipokuwa akitandika kitanda alikuta vidonge vimefichwa chini ya godoro, vingi. Sasa mama anahema kwa shida, na hospitali anakataa. Akaniuliza kama kwangu pia alikuwa hivyo.

Nilielewa palepale. Ameona heri pumzi ziishe kuliko ndevu zirudi. Na vidonge vile daktari alikuwa ametuonya kwamba havikatizwi ghafla, vinaweza kuua. Nikamwomba wifi ampe kaka simu, na kiapo nikakivunja. Nilimweleza yote kwa haraka: vidonge, nywele, mkasi, nta aliyoipasha mwenyewe. Nikamsihi ambebe mama hata kwa nguvu, ampeleke hospitali sasa hivi.

"Ulimchuna ngozi," kaka alisema, "na sasa unamtangazia ndevu."

Nilimwambia amwondoe ule mtandio ajionee mwenyewe. Nikamsikia akitembea, mlango ukifunguliwa, kisha akimuuliza mama kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata kwake. Je, ni kweli ana nywele kidevuni? Ni kweli alijibandika nta mwenyewe? Mtandio hakuugusa. Kumfunua mama uso kwa nguvu asingethubutu, na nadhani hata mimi nisingethubutu.

Nilisikia kifua cha mama kikikoroma kwenye simu. Nilimwomba kimoyomoyo aseme, anichukie maisha yake yote akitaka, lakini aseme.

"Achana naye, mwanangu," alisema. "Ndivyo alivyo tangu utotoni, akikosea hutafuta wa kumsingizia."

Kila baada ya neno moja au mawili alisimama kuvuta hewa. Kaka alimngoja amalize, kisha akakata simu.