Tone la Pembeni

"Usivute!"

Shemeji yake akaachia mpini wa mashine kana kwamba umemng'ata. Mama Teleza alikuwa ameshafika, glavu moja mkononi, nyingine bado mfukoni.

Kalibu ilikuwa imegoma. Kile kipande cha kioo, kipana kama kiganja, kilikuwa kimelala juu ya utomvu uliokwisha kugandishwa kwa taa, na kimeng'ang'ania kama mgeni aliyesikia sufuria zikigongana jikoni. Usoni kilichongwa mifereji myembamba ajabu. Unywele ukilazwa kando yake ni gogo. Kazi ya kalibu ni kuipiga chapa mifereji hiyo kwenye utomvu, kisha kuinuka bila kung'oa kitu. Na kazi ya Mama Teleza, iliyompa jina, ni kuivika kalibu ngozi ya dawa isiyoonekana kwa macho, ili isishikwe na chochote. Karakana nzima ilikuwa na kalibu moja. Moja, kama roho.

"Nimekandamiza vilevile kama jana," shemeji akasema. "Haki ya nani tena."

"Najua."

"Mkuu atanimeza, shemeji. Bila maji."

Huyu alikuwa mtu wa kutania hata msibani, lakini sasa hakutania. Juzijuzi tu alipasua kioo cha majaribio, na Mkuu wa karakana akamwambia mbele ya watu kwamba mikono yake inafaa kukanda udongo. Mama Teleza ndiye aliyemwombea kazi, maana ni mume wa mdogo wake. Na mdogo wake sasa ana mimba ambayo hata kuvaa viatu ni mradi.

Asubuhi Mama Teleza aliipima ngozi ile kama kawaida: tone la maji juu ya kioo. Likisimama duara kama shanga, ngozi ipo. Likitandaa, imekwisha, kalibu irudi kwenye mtungi wa mvuke ivikwe upya. Desturi ya pale ni kudondosha tone pembeni, maji yasije yakachafua mifereji ya katikati. Tone lilisimama. Tena kwa maringo. Akaipitisha, maana kuvika upya kunakula nusu siku, na Mkuu alikuwa akipitapita mlangoni kama aliyepoteza kuku.

Sasa ndipo alipoona. Pembeni hapakandamizwi, ngozi ya pembeni haichakai. Kinachochoka ni katikati, na katikati hakuna aliyepauliza hali. Ni sawa na kupima uzima wa suruali kwa kutazama mfuko, huku makalio yako nje.

Mkuu akaingia. Hakuuliza. Macho yalikwenda moja kwa moja kwa shemeji. "Wewe tena?"

Shemeji akasogea nyuma, mbali na mpini.

Mama Teleza alikuwa na uongo uliokwisha kuiva. Kilichobaki ni kupakua. Aseme tu mashine ilikandamiza mno. Nani angebisha?

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Ngozi imekwisha katikati. Nilipima pembeni."

"Sote tunapima pembeni."

"Ndiyo. Lakini chapa ya jana ilitoka na doa katikati, pale utomvu uliponata." Akaitoa glavu ya pili mfukoni. "Nililiona. Nikajifanya sijaliona."

Mkuu alivua miwani, akaivaa tena bila kuifuta. "Ikivunjika hii, mama, sina wa kumfukuza wala wa kumbakiza. Tunafunga."

"Najua."

"Basi itoe."

Mama Teleza alichukua wembe mwembamba, akaupenyeza kwenye pembe ya kioo. Shemeji alishika sinia kwa mikono miwili.

"Ungenyamaza tu," akanong'ona.

"Nyamaza wewe. Usitetemeke."

"Si mimi. Ni meza."

Meza ilikuwa ya chuma, imefungwa sakafuni kwa nati.

Hewa ikaingia chini ya kioo, utando wake mwembamba kuliko pumzi, ukang'aa kama mafuta juu ya dimbwi: kijani, waridi, manjano. Ukasogea, na kila ulipopita kioo kilikuwa kimeachia. Ulipofika ilipoanzia mifereji, ukapinda, ukasimama.

Mama Teleza hakusukuma wembe, wala hakuurudisha. Kioo kikatoa mlio mdogo, kama punje iliyokanyagwa. Huenda ni ufa, huenda ni utomvu kuachia. Kisha ule ukingo wa rangi ukaanza tena kutambaa kuelekea katikati, polepole, kwa upande mmoja tu; upande wa pili ulikuwa bado umeng'ang'ania.