Mhakiki Aliyekuja Kusikiliza Kwaya

Everlyn alimtunza Daktari Leonard Askwith kwa miezi kadhaa bila kujua alikuwa daktari wa nini. Hata dawa zake mwenyewe mzee huyo hakuzielewa. Bintiye, Madam Harriet, mwenye nyumba ile ya mtaa wa Rashidiya, katika mji wa Kiarabu ambako Everlyn alikuja kufanya kazi, ndiye aliyemweleza. Baba yake alikuwa msomi wa muziki, na kwa miaka mingi alikuwa mhakiki wa gazeti moja huko Uingereza. Jioni alikwenda kusikiliza watu wakiimba au wakipiga kinanda, na asubuhi watu walisoma gazetini kama ilikuwa vizuri au vibaya.

Everlyn alipowasimulia wanakwaya wenzake, walicheka.

"Analipwa kusema nani ameimba vibaya?" aliuliza Judy wa sauti ya kwanza. "Kwetu hiyo kazi mashangazi wanaifanya bure."

Lakini Everlyn alitaka kujua zaidi, na kila alipompelekea chai alimuuliza jambo. Akajua kwamba mzee alikuwa mtoto wa mwoka mikate katika mji wa viwanda, na kwamba mama yake alimfundisha kusoma noti kabla ya herufi. Chuoni alitafuta nyimbo za kale zilizosahauliwa katika makabati ya makanisa makubwa, akazinakili kwa mkono hadi watu wakaziimba tena. Everlyn aliliwaza hilo siku nzima. Wimbo ungewezaje kulala miaka mia nne, kisha ukaamka? Siku nyingine alimuuliza kama wale aliowasema vibaya walimchukia. Mzee akajibu kwamba wengine walimchukia na wengine walimshukuru, na hakuwahi kujua mapema nani angefanya lipi.

Everlyn alikuwa na sababu ya kuuliza hivyo. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya Kiswahili kanisani kwao, na Pasaka ilikaribia. Alfred, mlinzi wa jengo moja huko Deira, ambaye wote walimwita Baba Wangari, ndiye aliyepaswa kuanzisha wimbo mkuu. Alikuwa ameimba teno, sauti ya juu ya wanaume, tangu kwaya ilipoanza. Mwaka huu sauti yake ilikuwa ikishuka. Wenzake walimfunika kwa kuimba kwa nguvu, kama desturi yao, na hakuna aliyemwambia. Sasa viongozi walitaka nafasi yake apewe kijana Nick wa kwaya hiyo, na mwalimu ndiye aliyetakiwa kumwambia Baba Wangari kabla ya Jumapili.

Everlyn aliliombea jambo hilo akiwa amepiga magoti, akaliombea tena ndani ya metro. Likamjia wazo ambalo alidhani ni jibu: amlete Daktari mazoezini. Neno gumu likisemwa na mgeni aliyezoea kulisema, yeye hatalazimika kulisema.

Madam alikubali, akawalipia teksi. Katika ukumbi wa kanisa mgeni alikaribishwa kama mtumishi wa Mungu katika muziki. Daktari, ambaye tangu zamani aliingia kanisani kusikiliza kwaya tu, aliinamisha kichwa kwa adabu.

Baba Wangari akaanzisha, wakaimba. Mzee alifumba macho. Wimbo ulipokwisha alimwomba Everlyn abonyeze kwenye kinanda ile sauti waliyoanzia. Ikalia juu sana kuliko pale walipoishia. Watu wakatazama sakafu. Everlyn akajua kwamba sasa lile neno litasemwa.

"Mmeshuka wote," alisema Daktari. "Pamoja. Hakuna hata mmoja aliyebaki juu. Kwa nini?"

Walitazamana. Tonny wa besi ndiye aliyejibu.

"Sir, mtu wako akishuka, si unamfuata? Utamwacha huko peke yake?"

Mzee alimwomba arudie, kisha akacheka polepole. Aliwaambia kwamba maisha yake yote aliandika kuwa kwaya ikishuka imechoka au imezembea. Hakuwahi kuwauliza waimbaji wenyewe.

Akaomba waimbe tena, akapita kati yao na mkongojo wake. Alisimama karibu na Baba Wangari, aliyekuwa mwisho wa mstari, ukuta ukiwa upande wake wa kulia. Akamwomba ahamie mwisho wa pili, karibu na besi, bila kusema kwa nini. Walipomaliza safari hii, Everlyn alibonyeza tena. Walikuwa wameshuka kidogo tu.

Ndani ya teksi Everlyn alimuuliza amejuaje pa kumhamishia. Mzee akasema alimwona yule bwana akigeuza kichwa kila mwalimu aliposema. Sikio lake la kushoto halikusikia, na lile zima alikuwa amelielekeza ukutani.

"Mbona hukumwambia, Sir?"

"Mimi nimestaafu. Mwalimu wake ni wewe."

Kesho yake, kabla ya zamu yake ya kazi, Everlyn alikwenda Deira. Alimkuta Baba Wangari kwenye meza ya mapokezi, amevaa sare. Alisali kimoyomoyo, akasimama upande wake wa kulia, akamwambia yote: sauti, sikio, na shauri la viongozi.

Baba Wangari alitazama mlangoni kuona kama msimamizi wake yupo karibu. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba alikolinda zamani alikaa karibu na jenereta, na sikio likaenda. Hakumwambia mtu, hata mkewe, kwa kuogopa kupimwa na kurudishwa nyumbani.

"Lakini mwalimu, kushuka mlishuka nyinyi," alisema. "Niliwasikia. Nikasema hawa ni watu wangu, siwezi kuwaacha, nikawafuata."

Everlyn alishika meza kwa kucheka. Baba Wangari alimtazama kwanza, kisha naye akaelewa, akaanza kucheka mpaka akavua kofia.

"Jumapili utaanzisha wewe," Everlyn alisema alipoweza. "Utasimama pale ulipowekwa jana. Viongozi nitawaambia mwenyewe. Ila niwaambie nini kuhusu sikio?"

Baba Wangari aliivaa tena kofia yake. Mpangaji mmoja alipita, wakasalimiana, lifti ikafunguka na kufungwa.

"Mwambie Nick tu," alisema hatimaye. "Asimame karibu nami. Akisikia nimeshuka, asinifuate. Anikanyage mguu."